Goli la Tatu na Ngamia wa Nimo

Mimi si dalali, kwa hiyo siri za madalali hazinifungi mdomo na naweza kuzisema mchana kweupe. Mimi nauza chai. Jina langu Maka, na kibanda changu kiko pale soko la mifugo la Garissa, upande wa ngamia, mabati matatu na gunia moja. Kwa miaka kumi na mitano nimeona kila aina ya binadamu akiinama kutazama meno ya mnyama, na wachafu nimewazoea. Lakini mtu akinitajia Nuh Shuaib, yule anayewanunulia wachinjaji, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Leo nataka kueleza habari za binamu yangu, Daud Billow, maana mjini mmesikia nusu yake tu, na nusu mliyosikia ameisimulia Nuh.

Daud ni mtu wa Tarbaj. Alishuka Garissa mwaka ule wa ukame wa themanini na nne akiwa hana mnyama hata mmoja, akaanza udalali wa ngamia. Ni mrefu, mkavu, ndevu kazipaka hina, na maneno yake machache mpaka wateja wageni hudhani ni bubu. Wala hahitaji maneno, kwa sababu kazi yake yote iko kwenye mkono wa kulia.

Kwa wasiojua soko letu, bei ya ngamia hapa haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi wanashikana mikono, shuka inafunikwa juu yake, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Akikushika vidole kadhaa, hiyo ndiyo bei anayotoa. Ukiuacha mkono wako umelegea, umekataa. Ukifunga kiganja chote ukabana, umekubali, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Watu wamewazunguka na hawajui kilichosemwa. Na ziko sheria mbili ambazo hata kichaa wa sokoni anazijua. Ya kwanza, mkono ulionyoshwa haukataliwi, hata kama mtu humpendi. Unaupokea, unasikia bei yake, unalegeza wako, mnaachana kwa salama. Ya pili, alichosema mwenzako kwa mkono wake chini ya shuka hukitoi nje. Ukiulizwa, unaujibia mkono wako tu. Daud alifanya kazi hiyo miaka kumi na minne na hakuna mtu aliyewahi kusema mkono wake ulidanganya.

Sasa, huyu mtu alikuwa na wazimu mmoja, nao ulikuja kila baada ya miaka minne. Kombe la Dunia.

Na msidhani alikuwa mtu wa mpira. Hajui kuotea ni nini. Hajawahi kuwa na timu. Wale vijana wanaocheza pale uwanja wa shule akipita huwakemea kwa vumbi. Ukimuuliza mchezaji gani anampenda, atakwambia yule mrefu. Lakini ukifika mwezi wa sita wa mwaka wa Kombe, Daud anakuja kwenye kibanda changu na betri nne mfukoni, anazianika juu ya mabati zipate nguvu, anafunga waya wa redio kwenye mgunga, halafu anauliza, "Abaayo, leo Afrika ni nani?" Abaayo ni dada. Redio ni yangu, na nilikuwa nachoka nayo, kusema kweli. Wanaume wanakuja kusikiliza, wanatafuna miraa, wanatema majani ya kijani kwenye sakafu niliyofagia, wanakunywa kikombe kimoja kwa saa mbili. Nikifagia wananiambia nipunguze kelele.

Chanzo cha wazimu huo alinieleza mara moja tu. Mwaka wa tisini alikuwa anarudi na lori la ngamia kutoka upande wa mpakani, akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari mmoja akamweka juani tangu asubuhi, mara kitambulisho kimechakaa, mara picha haifanani, mara wewe si Mkenya. Matusi ya kila aina. Jioni ile ikawa ndiyo mechi ya kwanza ya Kombe, Kameruni na mabingwa wa dunia, na askari ana redio. Kameruni wakafunga. Yule askari akaruka, akatafuta wa kumshika, na karibu yake hapakuwa na mtu ila Daud, ameketi chini. Akamshika mkono, akaubana kwa nguvu, akacheka naye. Baadaye akampa chai na kumwachia njia.

"Mtu aliyenitukana siku nzima, abaayo," aliniambia Daud. "Alinishika mkono kama tumezaliwa tumbo moja."

Basi tangu hapo huo ukawa kwake ni mwaka wa Kameruni. Binti yake Ilwad alizaliwa mwaka wa Kameruni, mama yake Daud akafa mwaka uliofuata Kameruni. Mimi nilimwambia kwamba askari ni askari, kesho yake angemtukana tena. Akanitazama kama mtu niliyemmwagia mchanga kwenye chai.

Tuje mwaka wa tisini na nane. Mnakumbuka zile mvua za El Nino zilivyotufanya. Barabara zikakatika, Tana ikaingia mashambani, na maji yalipokauka ukaja ugonjwa, mbuzi wakawa wanatupa mimba na kufa, harufu mpaka mjini. Mwezi wa sita akaja mama mmoja kutoka Hadado, Nimo, mjane. Mbuzi wake wote walikuwa wamekwisha. Alikuwa amebaki na ngamia wawili, akatembea siku nyingi na watu wa ukoo wake ili auze mmoja apate mbuzi wa kuanzia maisha. Ngamia mwenyewe akiitwa Barwaqo. Jike, kifua kipana, mpole, na kila ukimsogelea anainua mkia, na kwa ngamia hiyo ni dalili ya mimba.

Nimo aliketi kwenye benchi langu, akamwambia Daud mbele yangu, "Walaal, bei utakayoona wewe ni sawa. Ila asiende kwenye kisu. Mama yake ndiye aliyenilelea watoto. Mpe mtu wa kukamua."

Walaal ni ndugu. Daud akasema, "Haendi kwenye kisu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na mimi nimeyasikia kwa masikio haya. Na mteja alikuwa ameshapatikana, Bishar wa Balambala, mtu safi, ana kundi la maziwa, akatuma ujumbe kwamba atafika Jumapili asubuhi. Kilichobaki kilikuwa ni kulala usiku mmoja tu.

Jumamosi ile ndiyo Nijeria walikuwa wanacheza na Hispania, mchana, saa tisa na nusu. Daud alifika saa saba kuanika betri. Akauliza kama Hispania wana ngamia. Mursal, mzee wa madalali, akamwambia wana mafahali tu, wanawachokoza kwa kitambaa. Daud akasikitika, akasema watu wa namna hiyo lazima wafungwe. Nimo alikuwa nyuma ya kibanda na Barwaqo wake, anamkatia majani. Kipindi cha kwanza kikaisha bao moja kwa moja, wanaume wakatoka wakasali Alasiri, wakarudi, na kabla hawajakaa vizuri Hispania wakawa wamefunga la pili. Mimi nikafurahi, nikidhani watakwenda zao nifagie.

Hapo ndipo akaingia Nuh. Soko letu kubwa ni Jumatano, lakini wanaowanunulia wachinjaji hawana siku, wananusa. Ana tumbo, ana kucha zenye mafuta ya nyama ya juzi, na anajipangusa vidole kwenye shuka ya yeyote aliyekaa karibu. Kila uongo wake anauanza kwa jina la Mungu. Alikuwa ameshamzunguka Barwaqo mara mbili. Akajibana kwenye benchi ubavuni kwa Daud, akatema kijani karibu na mguu wangu, akanyosha mkono.

Daud alinitazama. Nilijua anawaza nini: huyu sitamuuzia, lakini mkono haukataliwi. Akaupokea, shuka ikafunikwa, akageuza uso kwenye redio. Mkono wake ulikuwa umelegea, na hata mimi niliona kwa jinsi bega lilivyolala. Mara kipa wa Hispania akajifunga mwenyewe, mawili kwa mawili, watu wakaanza kusogea karibu na redio. Nuh hakuutoa mkono wake. Anaongeza kidole, anapunguza, anangoja. Mtangazaji naye sauti inapanda. Mpira umeokolewa, umerudi, mtu yuko mbali, anapiga.

Mtangazaji akapiga yowe, Nijeria la tatu, na kibanda chote kikasimama. Chai yangu ikamwagika, Mursal na umri wake akapanda juu ya benchi, na Nimo akachungulia kujua nani amekufa. Waliobaki wameketi ni wawili tu, Daud na Nuh, mikono chini ya shuka. Daud alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka vile tena.

Halafu Nuh akaivuta shuka taratibu, akaikunja, akasema, "Alhamdulillahi. Tumemaliza. Mkono umefunga."

Watu walikuwa bado wanapiga kelele, kwa hiyo alirudia. Safari hii wote tulisikia. Uso wa Daud ulibadilika hapo hapo.

Mursal alishuka kwenye benchi akaketi kama mzee wa madalali anavyotakiwa kuketi. Nikaizima redio, na hakuna aliyelalamika. Nimo akaitwa, akasimama mlangoni na kamba ya ngamia mkononi. Mursal akamuuliza Nuh, "Ulisikia redio?"

"Wallahi, mimi si mtu wa mpira," alisema Nuh. "Nilisikia makelele tu. Nilitoa bei yangu, akaifunga."

"Huyu mama hataki mnyama wake achinjwe. Mwachie."

"Ningependa, wallahi. Lakini tukianza kuachiana, kesho kila mtu atasema mkono wake uliteleza. Biashara itakufa."

Na alilisema kwa uso wa huruma, mwizi yule, kama anatutunzia sisi biashara yetu. Nikaweka birika chini kwa kishindo.

Sasa sikilizeni vizuri. Chini ya shuka hakuna shahidi. Ilikuwa ni neno la Nuh na neno la Daud, na hapo sokoni neno la Nuh halinunui hata kwato. Daud alitakiwa kusema hapana moja tu. Nilimsogelea kwa nyuma nikajifanya naokota vikombe, nikamnong'oneza, "Sema hukufunga. Sema tu. Nani atakataa?"

Mursal naye, nadhani, alikuwa anaomba hivyo hivyo. Aliuliza polepole, akimpa nafasi. "Daud, mkono wako ulifunga au haukufunga?"

Daud hakumtazama yeyote ila Nimo. "Ulifunga," alisema.

"Bei yake ulikuwa umeisikia?"

"Niliisikia."

Mursal akashusha kichwa. Nuh akamwendea Nimo akachukua kamba, na Nimo akaiachia, vidole vikabaki wazi vile vile. Barwaqo akainua mkia, maskini, akamfuata mtu wa kisu kwa upole wake. Nilimtukana Nuh mpaka akatoka nje ya soko. Halafu nikamgeukia Daud nikamtukana na yeye. Nilimwambia yeye na Kombe lake la Dunia wananitia kinyaa, kwamba mtu mzima mwenye ndevu hawezi kuua mnyama wa mjane kwa sababu Mnijeria amepiga mpira huko Ufaransa. Alikubali yote.

Bishar alifika Jumapili saa mbili, akakuta mti aliokuwa amefungiwa Barwaqo, na kinyesi. Siku hiyo hiyo Daud alimpa Nimo ngamia wake mwenyewe, jike pekee aliyekuwa naye, ambaye alikuwa kwenye kundi la kaka yake na ambaye maziwa yake ndiyo wanawe walikuwa wanakunywa. Nimo alikataa mara mbili, mara ya tatu akachukua. Alimwambia, "Walaal, wewe hukunidanganya." Daud aliniambia kwamba angemtukana ingekuwa afadhali.

Jumatatu Barwaqo alichinjwa. Aliyeosha matumbo kule machinjioni, mama mmoja anaitwa Arbia, alikuja kunywa chai akashindwa kuinywa. Ndama alikuwa ameshaota manyoya. Walimtupa kwenye shimo, mbwa wakamtoa. Na Nuh asubuhi hiyo alipita sokoni anachokoa meno, akaniuliza kama chai ya tangawizi ipo. Nikamwambia hakuna, na sufuria iko motoni inachemka mbele yake. Mwezi mzima sikula nyama.

Daud aliendelea kuja. Soko lilimheshimu kama zamani, labda zaidi, na mimi hilo lilinikera. Heshima hiyo watoto wake hawakuweza kuinywa. Redio aliendelea kusikiliza, lakini akikaa anaweka mikono yake miwili chini ya mapaja, anaikalia. Nijeria wakatolewa na Denmaki, manne kwa moja. Nikamwambia basi, Afrika imekwisha, rudisha betri zako nyumbani. Akasema bado anapenda kusikia majina ya nchi.

Ikafika Jumamosi nyingine, wiki tatu kamili, tarehe nne mwezi wa saba. Uholanzi na Ajentina, jioni, saa kumi na moja na nusu. Watu walikuwa wachache. Na nani anaingia? Nuh. Hakuwahi kuja tangu siku ile, na alikuja kama mtu aliyesahau. Akaketi benchi lile lile, akatema pale pale, akaanza kuwaelekeza wengine. Huyu Ajentina ana winga mzuri. Yule Mholanzi ana kadi. Halafu, kwa mdomo wake, akasema, "Lakini Kombe hili halina goli kama lile la tatu la Nijeria. Mimi mpira ulipomfikia tu yule kijana, nilijua. Nilijua kabla hajapiga."

Mursal aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai moto na nikapima umbali wa uso wake. Mtu si wa mpira, wallahi, alisikia makelele tu. Naye hakuona hata alichosema. Aliendelea kueleza mpira ulivyodunda, na hina ya sharubu zake ilikuwa na povu la chai ya watu.

Daud hakugeuka. Ameikalia mikono yake, macho kwenye redio. Bao moja kwa moja, mechi inakaribia kuisha, mtangazaji kachoka. Dakika ya mwisho kabisa Mholanzi mmoja akaudaka mpira mrefu kwa mguu, akageuka, akafunga. Kibanda kikaamka tena. Nuh akaruka, tumbo na yote, akamgeukia Daud aliyekuwa ubavuni kwake, akamnyoshea mkono, kicheko mpaka jino la mwisho.

Mkono ule ulikaa hewani. Daud aliutazama. Sote tuliutazama, zile kucha. Kelele ikapungua mpaka ikabaki redio peke yake, na mkono bado uko pale, na Daud bado amekalia yake. Mtu ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuukataa mkono, hata wa mlevi. Nuh akacheka kidogo, akautikisa kumkumbusha. Daud akarudisha macho kwenye redio. Nuh akautia mkono mfukoni, akasimama, akaangalia kama kuna wa kumtetea, akatoka. Chai hakumaliza. Nikaimwaga na kikombe nikakivunja, kikombe changu mwenyewe.

Watu walipoondoka Daud alibaki anafungua waya kwenye mgunga. Nikamfuata. Nilimwambia wiki tatu amechelewa, kwamba kama angekuwa na ulimi siku ile kama alivyokuwa na mapaja leo, ndama yule angekuwa anasimama sasa.

Aliuzungusha waya mkononi mwake mpaka ukaisha.

"Abaayo," alisema, "siku ile aliyefunga mkono kwanza ni yeye. Goli lilipoingia tu, kabla yangu. Alinibana kwa nguvu. Nikadhani ananishika kwa furaha, kama yule askari, nikamjibu."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Mursal.

"Aliniuliza mkono wangu," alisema. "Wake hakuniuliza."

Akazitoa betri, akazitia mfukoni, akaniachia redio juu ya benchi.